Ernst Udet: Rubani Aliyehurumiwa Mara Mbili na Adui

Katika mwezi wa Novemba Mama Kanisa huwaombea marehemu wote. Hapa Babati, kama kwingineko, bahasha za nia za Misa hujaa majina, na kila paroko anajua kwamba yapo majina yanayoandikwa kwa mkono mzito: ya waliokufa vitani, ya waliokufa wakiwa wametenda mabaya, na ya wale waliojitoa uhai, ambao jamaa zao hupenda isemwe tu kwamba walipatwa na ajali. Ndugu msomaji, makala haya yanasimulia maisha ya mtu mmoja aliyekuwa yote matatu kwa pamoja. Aliitwa Ernst Udet. Alikuwa rubani Mjerumani, mashuhuri sana katika zama zake, na ndege zake zilipata kuruka juu ya mbuga za kaskazini mwa Tanganyika. Alifariki mjini Berlin tarehe 17 Novemba 1941, na serikali aliyoitumikia ikalidanganya taifa zima kuhusu namna alivyokufa.

Alizaliwa Frankfurt tarehe 26 Aprili 1896, akalelewa Munich. Ndege zilikuwa jambo jipya duniani, nazo zilimteka akili tangu utotoni. Akiwa na umri wa miaka 13 hivi alikuwa tayari amejiunga na watoto wenzake katika chama cha kuunda ndege za kuchezea, na baadaye wakajaribu kurusha chombo cha kweli walichokitengeneza, kikaanguka na kuvunjika. Vita Kuu ya Kwanza ilipolipuka mwaka 1914 alikimbilia jeshini, akakataliwa kwa sababu alikuwa mfupi mno. Kimo chake kilikuwa takriban sentimeta 160. Hakukata tamaa. Alikuwa na pikipiki, akajitolea kuwa tarishi wa jeshi. Kisha baba yake, aliyekuwa na kiwanda, akamlipia mafunzo ya urubani kwa marki 2,000 pamoja na vifaa vipya vya bafuni. Hivyo ndivyo mmoja wa marubani mashuhuri wa kivita duniani alivyoupata ujuzi wake: kwa fedha na masinki.

Mwanzo wake vitani haukuwa wa kishujaa. Mwishoni mwa mwaka 1915, akiwa peke yake ndani ya ndege ndogo ya mapigano, alikutana na ndege ya Kifaransa ikija moja kwa moja mbele yake. Alikuwa karibu kiasi cha kumwona mtu aliyekuwa ndani yake. Kidole kilikuwa juu ya kifyatulio, lakini mkono ukakataa. Mfaransa hakusita, risasi zikaichana ndege ya Udet na kumkwaruza usoni. Yeye mwenyewe alikumbuka tukio hilo maisha yake yote kama aibu. Sisi tunaolisoma leo tunaweza kulitazama kwa jicho jingine. Dhamiri ya kijana wa miaka 19, aliyelelewa kama vijana wetu wanavyolelewa, ilimwambia kwamba yule aliye mbele yake ni mtu. Vita ilimfundisha kutoisikia tena sauti hiyo, na alikuwa mwanafunzi mwepesi. Tarehe 18 Machi 1916 aliruka juu ya mji wa Mulhouse kukabiliana na kundi kubwa la ndege za Kifaransa, akaishambulia mojawapo na kuiangusha. Aliona askari wa adui akitoka ndani ya ndege ile na kuporomoka hewani. Huo ndio ulioandikwa kuwa ushindi wake wa kwanza.

Tusidhani mambo hayo yalikuwa ya Ulaya pekee. Mwezi uliofuata, Aprili 1916, majeshi ya Jenerali van Deventer yalishuka kutoka upande wa Arusha, yakapita Ufiome chini ya mlima Kwaraha tunaouona kila asubuhi, yakaenda kuiteka Kondoa Irangi. Ndege nazo zilikuwa zimekwisha fika nchini: Julai 1915 marubani wa Kiingereza waliotoka kisiwa cha Mafia ndio walioielekeza mizinga hata meli ya Kijerumani Königsberg ikaangamizwa katika delta ya Rufiji. Ila mzigo wa vita ile katika Afrika Mashariki ulibebwa zaidi na wapagazi, mamia ya maelfu ya watu waliochukuliwa vijijini, ambao wengi wao walikufa kwa maradhi na uchovu, na ambao hakuna aliyewavika nishani. Ni vema kulikumbuka hilo tunapousoma wasifu wa mtu aliyepewa nishani nyingi.

Tuje sasa kwenye tukio ambalo bila shaka ni kiini cha maisha ya Udet. Ilikuwa Juni 1917. Rafiki zake wengi kikosini walikuwa wamekwisha kufa. Siku moja aliruka peke yake asubuhi, akaona ndege moja ikimjia kutoka magharibi, nayo ilikuwa peke yake. Zikaanza kuzungukana kama mwewe wawili, kila mmoja akitafuta kuwa nyuma ya mwenzake. Upesi Udet akatambua kwamba aliyempata leo ni fundi kuliko yeye. Kisha akaona neno la Kifaransa lililoandikwa ubavuni mwa ndege ile, akajua ni nani: Georges Guynemer, shujaa wa Ufaransa yote. Guynemer naye alikuwa amekataliwa na jeshi la nchi yake zaidi ya mara moja kwa sababu ya udhaifu wa mwili, akaingia kwa mlango wa nyuma kama fundi makanika mwanafunzi. Alikuwa Mkatoliki, aliyesoma katika shule ya Kikatoliki ya Stanislas huko Paris. Hivyo waliokuwa wakiwindana juu kule walikuwa vijana wawili ambao majeshi yao yaliwahi kuwaona hawafai.

Hatimaye Udet akapata nafasi ya kupiga, na bunduki yake ikakwama. Alizipigapiga rashasha kwa ngumi, hazikuitika. Hakuwa tena na silaha, na kugeuza njia akimbie kulimaanisha kutoa mgongo. Guynemer alipita juu yake, ndege yake ikiwa imepinduliwa, akamwona akihangaika na bunduki. Akamtazama, akampungia mkono, akageuza ndege na kwenda zake.

Wapo waliosema baadaye kwamba pengine bunduki ya Mfaransa nayo ilikuwa imekwama. Udet hakukubali kamwe maelezo hayo. Aliamini hadi mwisho kwamba aliachiwa uhai wake kwa makusudi, na binadamu aliyekuwa na kila sababu ya kumwua. Guynemer hakupata kulisimulia upande wake: tarehe 11 Septemba mwaka uleule alitoweka karibu na Poelcappelle nchini Ubelgiji akiwa na umri wa miaka 22, na mwili wake haukupatikana.

Alifanya nini Udet na uhai aliozawadiwa? Aliendelea kuua, tena kwa ustadi zaidi. Mwanzoni mwa mwaka 1918 Manfred von Richthofen, yule aliyejulikana kote kwa ndege yake nyekundu, alimwita katika kikosi chake. Aprili mwaka huo Udet alipewa nishani ya juu kabisa ya Prussia, Pour le Mérite, na siku chache baadaye, tarehe 21, Richthofen akauawa. Mwishoni mwa Juni ndege ya Udet iliharibiwa katika mapambano, akaruka kwa parachuti, kitu ambacho marubani wachache sana walikuwa nacho. Kamba ilinasa kwenye mkia, akaburutwa hewani, na parachuti ilifunguka ardhi ikiwa karibu sana. Katika mwezi wa Agosti pekee aliandikiwa ushindi 20. Vita ilipokwisha Novemba alikuwa na ushindi 62. Miongoni mwa Wajerumani ni Richthofen peke yake aliyemzidi, akiwa na 80. Alikuwa na miaka 22.

Neno hilo, ushindi, linastahili kutazamwa kidogo. Katika daftari ya kikosi ni mstari mmoja wa wino. Nyingi kati ya ndege zile zilikuwa na watu wawili ndani yake. Anayeruka hewani huona ndege ikiwaka na kuzunguka kuelekea chini. Mama wa aliyemo ndani haonekani kutoka kule juu. Hakuna sababu ya kumdhania Udet kuwa mtu katili, kwani wote waliomfahamu walimweleza kuwa mchangamfu, mpenda utani, hodari wa kuchora vikaragosi vya rafiki zake. Na hapo ndipo ugumu ulipo.

Amani ilimkuta bila kazi. Alimwoa Eleonore Zink mwaka 1920, yule msichana ambaye jina lake la utani, Lo, alikuwa amelichora ubavuni mwa ndege yake ya vita. Ndoa hiyo ilivunjika baada ya miaka mitatu. Akaanzisha kiwanda cha ndege huko Munich, akakiacha. Kisha akaishi kwa michezo ya angani: aliweza kushuka chini sana na kuokota leso iliyo ardhini kwa ncha ya bawa. Umati ulilipa kumtazama. Akacheza pia katika filamu za milima na barafu. Alipenda karamu, pombe na wanawake, na fedha hazikukaa mfukoni mwake.

Mwenzake mmoja katika vita ileile alichagua njia nyingine, nasi Wakatoliki wa Afrika tunamdai kumbukumbu. Paul Schulte, aliyekuwa rubani wa Kijerumani, aliingia Shirika la Waoblati wa Maria Imakulata na kuwa padre. Rafiki yake, mmisionari Otto Fuhrmann, alifariki mwaka 1925 huko ambako leo ni Namibia, kwa kukosa usafiri wa kumfikisha penye matibabu. Mwaka 1927 Padre Schulte akaanzisha MIVA, chama cha kuwapatia wamisionari magari, mashua na ndege.

Udet naye alifika Afrika, lakini alikuja kupiga filamu. Mwaka 1930 na 1931 alikuwa Tanganyika, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya udhamini wa Waingereza, pamoja na mpiga picha Hans Schneeberger na marubani wengine. Walirusha ndege ndogo chini chini juu ya makundi ya nyumbu, pundamilia na twiga, na filamu waliyoitoa ilionyeshwa Ujerumani mwaka 1932. Siku moja simba aliyekasirishwa na kelele aliruka na kuikwangua kwa makucha ndege ya mmoja wao ilipopita juu yake. Simulizi hilo Udet alilipenda mno, na wasomaji wa Ulaya walilipenda zaidi. Kuhusu watu waliokuwa wakiishi katika mbuga hizo, wachungaji na wakulima waliotazama juu siku zile, filamu za aina hiyo hazikuwa na mengi ya kusema.

Alipokuwa akirudi kwao kupitia Sudan, mambo yalimharibikia. Ndege ilimlazimu kutua mahali pa mbali kando ya mto Nile, pasipo na msaada, naye na mwenzake wakabaki pale wakiteswa na njaa na kiu. Aliyewapata ni Tom Campbell Black, Mwingereza aliyekuwa rubani wa kampuni ya Wilson Airways ya Nairobi. Aliwaona kutoka angani, akatua mahali ambapo kutua kwenyewe kulikuwa hatari, akawapa maji na chakula. Campbell Black naye alikuwa rubani wa Uingereza katika Vita Kuu. Miaka 13 tu kabla ya hapo, kumwangusha Ernst Udet kungempatia nishani. Hakuna habari kwamba alisita.

Ndiyo mara ya pili. Mfaransa alimwachia uhai, Mwingereza akamrudishia. Ni watu wachache hapa duniani ambao amri ya Bwana wetu ya kuwapenda adui imetendwa juu yao waziwazi namna hiyo.

Mwaka 1933 Hitler alishika madaraka, na Udet akajiunga na chama chake. Haielekei kwamba aliyaamini mafundisho ya Kinazi, siasa zilimchosha. Alichotaka ni ndege. Akiwa Marekani alikuwa ameona ndege za Curtiss zikishuka wima kutoka juu kama kipanga na kuachia bomu kwa shabaha, akazitamani, na Hermann Göring, mwenzake wa zamani aliyekuwa sasa mkubwa serikalini, akamwezesha kununua mbili. Kila kitu kina bei. Mwaka 1935 akaingia jeshi jipya la anga akiwa na cheo cha kanali. Mwaka 1936 akakabidhiwa idara ya ufundi, na mwaka 1939 akawa msimamizi mkuu wa utengenezaji wa ndege zote za jeshi hilo.

Rafiki yake Carl Zuckmayer, mwandishi wa tamthilia ambaye mama yake alikuwa wa asili ya Kiyahudi, alikutana naye Berlin mwaka 1936. Udet alimsihi aondoke katika nchi ile na asirudi tena. Zuckmayer alipomwuliza kwa nini basi yeye habanduki, alijibu kwamba kuruka ndiko maisha yake, na kwamba amekwisha nasa. Kwa hiyo alijua. Tunapompima mtu huyu hatuwezi kusema kwamba hakuona; aliona vya kutosha kumwokoa rafiki, akabaki yeye mwenyewe.

Ndege ya kushuka wima na kudondosha mabomu, Ju 87, iliyojulikana kama Stuka, ilipata nafasi yake jeshini kwa utetezi wa Udet. Ilijaribiwa Hispania. Alfajiri ya tarehe 1 Septemba 1939 Stuka ziliushambulia mji mdogo wa Wieluń nchini Poland, na miongoni mwa majengo ya kwanza kupigwa ilikuwa hospitali ya Watakatifu Wote. Nyingine zilifungwa ving'ora ili mlio wake uwatie watu kiwewe kabla bomu halijafika. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes, ulitamka kwamba kuteketeza miji mizima pamoja na wakazi wake bila kubagua ni uhalifu dhidi ya Mungu na dhidi ya mwanadamu. Wazee wa Mtaguso walikuwa wameiona kwa macho yao vita hiyo.

Ofisini Udet alikuwa samaki nje ya maji. Alichukia mafaili, hakujua kusimamia viwanda wala kupambana na wanasiasa, na idara zaidi ya 20 zilikuwa chini yake. Alidai kwamba hata ndege kubwa za mabomu ziweze kushuka wima, amri iliyochelewesha kazi kwa miaka. Mwaka 1940 Stuka zilichinjwa na marubani wa Uingereza hata zikaondolewa katika mapambano hayo. Göring, aliyekuwa ameahidi makubwa, alihitaji mtu wa kubeba lawama. Udet akanywa zaidi, akatumia vidonge, akakonda. Tarehe 17 Novemba 1941 alijipiga risasi nyumbani kwake akiwa anazungumza kwa simu na mwanamke aliyempenda. Aliacha maandishi yaliyomshutumu Göring kwa kumsaliti.

Taifa likatangaziwa kwamba Jenerali Udet amekufa akijaribu silaha mpya. Alifanyiwa mazishi ya kitaifa. Hitler alihudhuria, na aliyesimama kumsifu marehemu alikuwa Göring.

Kanisa halifichi kwamba kujiua ni kosa zito dhidi ya Mungu mwenye uhai wetu. Lakini Katekisimu, katika namba 2282 na 2283, inafundisha pia kwamba uchungu mkubwa, hofu au maradhi ya nafsi vyaweza kupunguza wajibu wa mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wa milele wa waliojitoa uhai. Mungu anazo njia anazozijua yeye peke yake, na Kanisa huwaombea. Familia iliyofikwa na msiba wa namna hii isione haya kulipeleka jina altareni. Serikali ya Berlin ilisema uongo kwa sababu ilihitaji shujaa. Anayeombewa hahitaji kuwa shujaa.

Uongo ule ulizaa mengine. Werner Mölders, rubani kijana wa miaka 28 na Mkatoliki mwenye imani thabiti, aliitwa kutoka medani ya vita aje mazishini. Ndege aliyopanda kama abiria ilianguka Breslau tarehe 22 Novemba, akafa. Baada ya wiki chache zikaenea nakala za barua iliyodaiwa kuwa yake kwa padre mmoja, ikisifu ujasiri wa Wakatoliki mbele ya kifo. Ilisomwa hata kanisani, nayo iliwatia waamini nguvu, na Wanazi walikasirika kupita kiasi. Vita ilipokwisha ikajulikana kuwa ilitungwa na Waingereza wa kitengo cha propaganda. Imani ya Mölders ilikuwa ya kweli, barua haikuwa yake.

Zuckmayer aliisikia habari ya kifo cha rafiki yake akiwa uhamishoni Marekani, akaandika tamthilia juu ya jenerali wa anga aliyeuza ujuzi wake kwa shetani. Ilionyeshwa mara ya kwanza Zürich mwaka 1946. Udet mwenyewe alizikwa katika makaburi ya Invalidenfriedhof mjini Berlin, karibu na Richthofen. Mwaka 1961 ukuta uliougawa mji ule ulipitishwa katika makaburi hayo, na mengi yakavunjwa kupisha njia ya walinzi. Mwaka 1975 mabaki ya Richthofen yalihamishiwa Wiesbaden yakalazwe pamoja na jamaa zake. Udet angali palepale.